Vichupa Vitatu Vilivyong'aa

Nyumba ya Wafanyakazi,
Chumba Na. 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini umeacha kupanda ngazi, ingawa nakujua. Mimi mwili mzima, ila hii wiki ya pili chakula hakipiti.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa kwenye ile maabara. Ndani ya seli kuna RNA, uzi mwembamba unaobeba maagizo. Ukijikunja sawasawa, unafanya kazi. Sisi tunaubandika kemikali inayouzuia kujikunja, unalala kimya. Kisha tunatia kemikali ya pili, inayonuka kama kitunguu saumu kilichooza, ili ibandue ile ya kwanza. Uzi ukiamka, kichupa kinang'aa kijani chini ya taa. Kuuzima na kuuwasha, ndiyo sifa yetu yote.

Basi nilijaza vichupa kumi. Saba vikabaki giza. Mkuu wetu akapiga picha vile vitatu tu, akaandika kwenye ripoti kwamba RNA yote hurudi salama. Nilipomuuliza, alinipigapiga begani: "Wewe kazi yako mikono, mwanangu. Maneno niachie mimi." Hilo neno "mwanangu" ni lako wewe, Shangazi. Kinywani mwake lilinitia kinyaa kuliko ile harufu.

Nami nikanyamaza. Siku tisa nzima. Nikijitazama kwenye kioo najionea kinyaa.

Alhamisi walikuja madaktari wanaotaka kuijaribu njia yetu kwa wagonjwa wao. Mama mmoja wa miwani akanigeukia: "Wewe ndiye uliyevijaza. Vingapi viliwaka?"

Mkuu akanitangulia: "Vyote."

"Vitatu kati ya kumi," nikasema. "Saba viko kwenye friji. Nivilete?"

Nikavileta. Yule mama alivitazama kimoja kimoja, akafunga daftari lake. Wakaondoka, chai hata hawakuigusa.

Sasa nimeshushwa, naoshea wenzangu vyombo vya maabara. Mkuu hanisalimii, sawa. Lakini hao wenzangu, waliojua yote kama mimi, nikikaa wanahamisha viti. Hao ndio wananichefua hasa.

Nisalimie Babu na wale pacha wa dada. Mungu akuepushe na watu wa namna hii.

Halafu ile picha yangu na mkuu, uliyoitundika sebuleni ukawaita majirani waione: itoe. Fremu usiitupe, ni nzuri. Weka yako ya harusi.

Wako akupendaye,
Kibonge