Springi ya Zamani

Jumapili, Stratford. Mvua imeanza, ikaacha, imeanza tena, kama mimi na shajara hii ya mtandaoni.

Wiki tatu nimekwepa kuandika. Mke wangu alikuwa anadhani nina mafua yasiyopona. Nilimwacha adhani hivyo, maana ukiwa na mafua watu hukupa pole na chai ya tangawizi.

Niandike tu. Mdogo wangu Elisante amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwa sababu ya jibu nililompa nikiwa nakula chipsi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni dereva wa basi, mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo ambacho binti yangu anasisitiza, kwa Kiingereza chake, kwamba si kidogo. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa bunduki Arusha. Watu wa kuwinda walimletea silaha zao, akazisafisha, akazinyoosha, akawarudishia zikiwa zinang'aa. Nilikaa kwenye karakana yake miaka miwili kabla ya kuja huku. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchemsha chai na kufuta mafuta sakafuni. Siku moja aliniruhusu kukaza skrubu. Nilipogeuka nikamwona anaikaza yeye mwenyewe, ile ile.

Huo ndio ufundi wangu wote.

Lakini nimekaa Landani miaka ishirini na mbili, na ukishakaa huku, kwenu unageuka mtaalamu wa kila kitu. Binamu huniuliza habari za injini ya pikipiki. Mchungaji ameniuliza kama paneli za sola anazouziwa ni feki. Jirani wa shangazi, ambaye hata simfahamu, alitaka kujua ng'ombe wake anaumwa nini, akanitumia na picha. Wanauliza kwa heshima, na heshima, ukishatoka kutukanwa na abiria aliyechelewa kituoni, ni tamu mno. Katika miaka yote hiyo sijamjibu hata mmoja kwamba sijui. Hata yule ng'ombe nilimjibia.

Elisante ndiye aliyebaki nyumbani na Mama. Kazi yake ni kuongoza wageni wanaokuja kuwinda. Ana bastola, ina kibali, anaivaa kiunoni kwa ajili ya ile dakika mbaya ambapo mnyama aliyejeruhiwa anawageukia. Shida yake siku zote ni kwamba risasi za bastola ile ni dhaifu. Kumpiga nyati kwa hiyo, husema, ni kumzaba kofi na kusubiri majibu.

Basi mgeni mmoja, akiaga, akamwachia zawadi: mtutu wa kubadilisha, unaoiwezesha bastola ile ile kufyatua risasi ya kuwindia yenye nguvu zaidi, na boksi la risasi zenyewe. Kumpa mtoto wa fundi bunduki zawadi kama hiyo ni kumkabidhi fisi bucha.

Akanitumia ujumbe wa sauti. "Kaka, shikamoo. Mtutu nimeuvalisha, umekaa kama umezaliwa humo. Ila springi ni ile ya zamani, mgeni hakuleta nyingine. Itahimili, au nisubiri?"

Springi hiyo ndiyo inayoizuia sehemu ya juu ya bastola isirudi nyuma kwa pupa risasi inapofyatuka. Risasi ikizidi nguvu na springi ikawa laini, bastola hufunguka kabla ya wakati wake, moto ungali ndani. Haya nayajua leo. Nimeyasoma baada ya ajali, kama wafanyavyo wataalamu wa aina yangu.

Siku ile nilikuwa chumba cha mapumziko kwenye gereji ya mabasi, nakula chipsi na Mwangi, dereva mwenzangu, mtu wa Nyeri. Aliisikia sauti ya Elisante, akaweka kikombe chini.

"Kumbe wewe ni fundi wa bunduki?" akasema. "Na juzi ulishindwa kufunga mlango wa basi, ukaita kontrola wa zamu."

Wenzetu wawili meza ya pili wakacheka. Mimi nami nikacheka. Kisha nikaishika simu karibu na mdomo, nikatoa sauti nzito, ili Mwangi asikie vizuri: "Itahimili, mdogo wangu. Baba alizifanya nyingi hivyo hivyo, mimi nikiwa pembeni yake. Piga kazi."

Baba hakufanya hata moja.

Nakumbuka mteja aliyekuja na ombi kama hilo. Baba aliifunga bastola kwenye gazeti, akamrudishia mikononi, akamwambia, "Kanunue bunduki, mzee. Hii niachie iwe ilivyoumbwa." Nilikuwepo kweli pembeni yake. Nilikuwa nimeshika birika.

Risasi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili nayo. Elisante akanitumia video, kopo la rangi linaruka juu ya kichuguu na yeye anacheka kama alivyocheka akiwa darasa la tatu. Nikamrudishia picha ya dole gumba.

Ya tatu ilipasukia mkononi. Gumba na kidole cha shahada.

Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi imekuja kumpa pole, ikamwambia arudi mkono ukishapona. Mkono umeanza kupona. Vidole havioti. Mgeni gani atamfuata porini mwongozaji asiyeweza kufyatua? Ana miaka arobaini na moja na hajui kazi nyingine.

Na kwa watu wote, kuanzia Mama hadi daktari, amesema neno moja: ni ukaidi wake mwenyewe. Jina langu hakulitaja. Siku ya tano alinipigia, sauti imelegea kwa dawa za maumivu. "Ile sauti yako nimeifuta, kaka. Na wewe futa."

Nikafuta. Naandika hili polepole ili nilisome vizuri: mdogo wangu, amelazwa, alitumia mkono uliobaki kunifichia aibu, na mimi nikamwambia asante.

Halafu Mama naye akanipigia simu. "Ungekuwepo wewe ungemkataza," akasema. "Wewe ulikaa na baba yako, ulijifunza. Huyu alijifunza nini zaidi ya kukimbizana na Wazungu porini?" Elisante alikuwa hapo hapo kitandani, nilimsikia akikohoa. Nikasema, "Usimseme sana, Mama." Nilisema hivyo kwa upole, kama mtu mwema.

Toka siku hiyo, kila Mama akimkatia Elisante nyama kwenye sahani, humpa na mahubiri ya kaka yake wa Landani mwenye akili. Amenisimulia dada yetu, akidhani nitafurahi.

Ijumaa nilimwambia mke wangu. Mama Neema anatunza wazee kwenye nyumba za watu, ameona mengi, hashtuki upesi. Alimaliza kukunja nguo aliyoishika.

"Mama umemwambia?"

"Unataka afe kwa presha?"

"Presha ya nani, Baba Neema? Ya kwake au ya kwako?"

Leo baada ya ibada nilijifungia chumbani nikarekodi ujumbe wa kundi la familia. Mara ya kwanza ilitoka kama mahubiri. Mara ya pili nilijitetea kama wakili, nikamtaja mpaka yule mgeni na zawadi yake. Mara ya tatu nililia, na nikagundua nalia vizuri kupita kiasi, nikafuta. Ya nne ilikuwa fupi:

"Mama, shikamoo. Elisante aliniuliza kabla. Mimi ndiye niliyemwambia springi itahimili, na sikujua. Baba hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Msimlaumu Elisante."

Nikabonyeza.

Binamu wa pikipiki akaandika kitu kwenye kundi, akakifuta. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikingoja nijisikie mwepesi, kama wasemavyo. Sikujisikia mwepesi.

Elisante akanitumia sauti pembeni, si kwenye kundi. "Kaka, ungeacha tu. Mama ameisikiliza mara mbili. Hakulia, wala hakukutukana. Ameuliza kuhusu jicho lake."

Jicho.

Ilibidi nikae nikumbuke. Mwaka jana hospitali walimwambia Mama ana mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji. Akanipigia. Nilikuwa nakimbilia zamu, nikamwambia asikubali kukatwa jicho ovyo, huku Uingereza siku hizi wanatumia dawa ya matone tu. Nani huku? Sijawahi kumuuliza mtu yeyote. Niliyatunga kati ya mlango wa nyumba na kituo cha treni, nikasahau kabla sijafika. Yeye hakusahau. Mwaka mzima ananunua matone, na dada amekuwa akisema Mama siku hizi anapapasa ukuta akienda uani.

Nimempigia hapo hapo. Amepokea Mama mwenyewe. Nikamwambia asingoje, kesho Jumatatu aende hospitali, akubali upasuaji, matone ayaache.

"Na hilo nalo," akauliza, bila ukali wowote, kama anavyouliza bei ya nyanya, "unalijua, au unadhani?"

Nimemwambia amuulize daktari, si mimi. Akasema haya. Akaniaga vizuri, akaniombea heri kazini kama siku zote, ila hakuniita mwanangu.

Sasa saa kumi alasiri, mvua imeacha tena. Mama Neema ananiita nikale, nimemwambia nakuja. Nimefungua simu, nasikiliza sauti nilizowatumia watu wa nyumbani, moja baada ya nyingine, naandika majina kwenye karatasi ili kesho nianze kuwapigia. Nimefika wa kumi na moja na bado niko kwenye mwaka huu.

Nina sauti nzuri, tulivu, yenye uhakika. Hata mimi ningejiamini.