Lenzi Yenye Kuvu

Voi, Jumanne

...na bado sijachagua. Binti yangu Mkamburi anataka studio yetu ya picha ibaki na lenzi tatu tu za kupiga picha za nyuso, na ile kuukuu ninayoipenda ameikataa kwa sababu imeota kuvu ndani.

Leo nikamtii. Mama Mghoi aliteremka kutoka Wusi, kule milimani, kupigwa picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake, maana hataki watoto waje kukata uso wake kwenye picha ya harusi ya mtu. Nikatumia lenzi mpya ya Mkamburi, kali kama wembe, hata nywele za pua inazionyesha.

Mama akaiangalia picha. "Baba Mkamburi, huyu ashazikwa, wewe umemfukua."

Nikafunga ile kuukuu kwenye kamera, nikampiga tena. Mwanga ukalainika shavuni, macho yakabaki na utundu wake. Akacheka. "Huyu sasa atawaliza."

"Baba, hiyo ni kuvu tu," Mkamburi akasema.

Najua. Na inaenea, karibu itakuwa pazia. Hizo mpya zitadumu kuliko mimi, na hakuna hata moja inayojua kusamehe uso. Inaniudhi sana.

Kesho navaa koti, Mkamburi anipige picha ya jeneza langu na hiyo mbovu. Akikataa, sifi.