Majibu Unayapeleka Wapi

Buraza, Gitega
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Hali yako huko Muyinga ikoje? Goti linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Moses ameniambia umeacha ile dawa ya kuchua kwa sababu inanuka. Nakuomba uirudie, maana goti halina pua. Nisalimie Moses, mkewe na wajukuu wako wote. Sisi hapa Buraza tu wazima kwa neema ya Mungu. Mbuzi wako amezaa mapacha, wote majike, na mmoja ana kelele kuliko mimi nilivyokuwa.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, wewe kwenye simu ukiulizwa lolote unajibu "salama tu," halafu unasema salio linaisha, hata kama aliyepiga ni mimi. Kwa hiyo barua hii nimempa Chabani, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Muyinga anayekuja kuuza soko la Gitega, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Ina habari za kikundi chetu, na mwishoni kuna jambo moja ambalo kwenye simu lisingetoka.

Unajua walinichagua kuwa mwenyekiti wa Dukore Hamwe, yaani Tufanye Kazi Pamoja. Nusu yetu ni sisi tuliorudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nusu ni wale ambao hawakuondoka hapa kilimani. Parokia ilituazima shamba la mihogo, kwa sharti kwamba tukishindwa mwaka huu atapewa mtu mwingine, na wengi wetu tuliorudi hatuna ardhi nyingine zaidi ya uwanja wa nyumba. Basi mvua ikaja mapema. Mihogo tuliyoianika haikukauka, ikaota ukungu mweusi, na mnunuzi wetu wa Gitega akaikataa yote. Watu wakaanza kukwepa kazi, mmoja anaumwa mgongo, mwingine ana msiba usio na marehemu.

Katikati ya hayo nikaitwa mjini Gitega kwenye mafunzo ya viongozi wa vikundi. Mwalimu wetu, Mama Christina, alisema kiongozi akiuliza "Mnakubali?" amekwisha kujijibu, anachotafuta ni vichwa vya kutikisika tu. Afadhali aulize mnaonaje, au ingekuwaje kama, au ni kitu gani tunakifanya vizuri tukiongeze. Alisema ukiwauliza watu kilichoharibika watakuletea lawama, lakini ukiwauliza wanachokiweza wataanza kufikiri. Nilirudi na hamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Nilitaka kumwuliza kila mtu kila kitu.

Nikaitisha mkutano kwenye chumba cha parokia. Nilikaa nyuma ya meza, kalamu mkononi, wao kwenye mabenchi, nikauliza: mngependa kikundi chetu kiweje? Kasiano, ambaye unamjua tangu kambini, akasimama akasema tungependa mashine ya kusaga, kwa maendeleo ya familia zetu na amani ya nchi. Happy, yule mshonaji jirani yangu, akasimama, mashine ya kusaga, kwa maendeleo ya familia zetu na amani ya nchi. Benchi zima likaenda hivyo. Hata Mzee Prosper, ambaye husema wazi kwamba unga wa mashine unanuka mafuta, aliomba mashine na amani ya nchi juu yake. Nilifurahi sana, Baba. Niliandika yote, nikajiona kiongozi.

Usiku wa siku hiyo nikisonga ugali ndipo nilipoanza kushangaa. Watu wote wale hawawezi kutaka kitu kimoja kwa maneno yale yale. Hata kwaya yetu, pamoja na mazoezi, kila Jumapili kuna mmoja anayekosea. Nikajiuliza sauti ile nimeisikia wapi, na nikakumbuka.

Niliisikia kwako. Kambini, kabla ya mahojiano ya maofisa wa wakimbizi, ulikuwa unatukusanya watu wote wa kijiji chetu na kutufundisha. Ulisema kila swali lina jibu moja linalowaweka watu pamoja, na mengine yote yanatawanya. Tulikuwa na mfano karibu, ile familia ambayo baba alisema hivi, mama akasema vile, na faili lao likakwama mpaka wakachoka kuuliza. Sisi watoto tulifanya mazoezi tukienda bombani. Mnataka kwenda wapi? Popote, mradi tuwe pamoja. Na ilisaidia, Baba, sisemi kwa kejeli. Tulirudi wote, nyumba kwa nyumba, hakuna aliyepotea.

Kwa hiyo nilielewa kosa langu. Mtu aliyekaa nyuma ya meza na kalamu, akiuliza swali tamu lisilo na ndiyo wala hapana, kwa watu wetu huyo ni mtu wa mahojiano. Ila Mzee Prosper hakuwahi kuishi kambini hata siku moja. Huyo jibu lile alilitoa wapi? Hilo lilinisumbua.

Siku ya kumenya nikaacha meza na kalamu. Niliwakuta chini ya paa la bati, mvua inapiga, nikachukua kisu nikakaa nao. Nikauliza: katika yote tunayoyajua kuhusu mihogo, ni lipi tunaloliweza hata mvua ikinyesha? Kasiano akakohoa, akaanza na mashine ya kusaga, nikamwambia mashine tumeisikia. Wakaendelea kumenya. Halafu Happy akaweka kisu chini, akanitazama.

"Mwenyekiti," akasema, "majibu yetu unayapeleka wapi?"

Baba, miaka yote ile kambini sikumbuki mtu yeyote aliyethubutu kuwauliza hivyo wale waliokuwa wanatuuliza. Nilimjibu kwamba hayaendi popote. Yanabaki hapa hapa, kesho tunayafanyia kazi, na mimi mwenyewe sina jibu nililolificha.

"Basi mimi mashine siitaki," akasema Happy.

Walicheka mpaka visu vikasimama. Baada ya hapo ningetaka ungekuwapo usikie. Mmoja akasema tukaushe juu ya moshi jikoni kama kambini, mwingine akamkumbusha jinsi ugali ule ulivyokuwa na ladha ya kuni. Kasiano alipendekeza tusali novena mvua ihamie kwa jirani. Mzee Prosper akasema mama yake wakati wa mvua hakuwa anaanika kabisa. Alikuwa akiloweka mihogo, anaitwanga, anaifunga kwenye majani ya mgomba na kuipika kwa mvuke, ile tunayoiita ubuswage. Happy akauliza majani hayatachanika njiani? Mtu akasema tufunge mara mbili kwa kamba za mgomba. Nani atanunua? Wasafiri wa Gitega wanaoondoka alfajiri hawajala. Ukiniuliza wazo lilikuwa la nani, siwezi kukwambia, na nadhani ndiyo sababu kila mmoja alilikimbilia kama lake.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mchachu, wateja wakakunja nyuso, na sisi wenyewe tuliula kwa aibu. Wa pili ulikwisha kabla jua halijatoka. Chabani alionja akiwa amesimama, akasema, "Bon, hii kitu iko muzuri, dada. Muyinga batakula, we leta tu." Wiki iliyopita padri alituachia shamba msimu mwingine. Waliokuwa wanaumwa mgongo wamepona wote.

Sasa lile jambo, Baba. Siku tuliyopewa habari ya shamba, nilimwuliza Mzee Prosper maneno ya mashine aliyatoa wapi. Akacheka, akamwonyesha Kasiano kwa kidevu. Kasiano akajikuna shingo, kisha akanieleza kwamba siku moja kabla ya mkutano ule ulimpigia simu. Nilikuwa nimekusimulia mwenyewe mafunzo ya Gitega, nawe ukanijibu salama tu. Kumbe ulimwambia yeye: "Binti yangu anakwenda kusimama mbele ya watu na maswali yasiyo na jibu. Msimwache aaibike. Jibuni neno moja, wote." Naye akapita nyumba kwa nyumba, mpaka kwa Prosper.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika njia nzima ya kwenda kisimani. Nilipofika nikakaa juu ya dumu langu nikalia, kwa sababu niliona kwamba wewe uko Muyinga, mbali, na goti linauma, na bado unatulinda. Nakupenda, Baba. Sijui kama nimewahi kukwambia.

Lakini kisimani pale nilikumbuka na kitu kingine. Siku ya mahojiano yetu nilikaa kando yako. Yule mama ofisa aliyetuhoji alimaliza maswali yake yote, halafu akakuuliza, na wewe mwenyewe, ungependa nini? Ulitazama dirishani muda mrefu, kule upande wa makaburi tulikomzika Mama. Nilidhani umesahau jibu, nikataka kukunong'oneza. Kisha ukasema popote, mradi tuwe pamoja. Sikuacha kujiuliza kimya kile kilikuwa na nini ndani yake.

Na sisi wanao hatukuwahi kukuuliza. Ulipougua goti, mimi na Moses tulikuja tukakwambia utakaa Muyinga karibu na daktari, sawa? Ukasema sawa. Moses anasema siku za soko unapanda gari mpaka Kobero, unakaa karibu na wapagazi ukitazama malori yanayovuka kwenda Tanzania, na ukirudi unasema ulikwenda kupunga hewa.

Kwa hiyo nakuuliza, Baba, na sina jibu nililolificha. Wewe mwenyewe, ungependa nini? Ukitaka kujua jibu lako nalipeleka wapi, nalipeleka kwa Moses, na sisi wawili tutalifanyia kazi, hata likiwa gumu, hata likivuka mpaka. Chukua muda kama ulivyouchukua siku ile. Ila tafadhali, usimpigie Kasiano kwanza.

Chabani ana kifurushi chako cha ubuswage. Kipashe moto, ule na karanga, na usiwape wajukuu wote kabla hujaonja. Happy anakusalimu, Mzee Prosper anakusalimu, na Kasiano anakusalimu huku akiangalia chini. Mungu akutunze mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao,
Emiliana