Reli Ndogo ya Sebuleni

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa,

Hapa Bariadi hatujambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi situlii tangu tumzike babu yako. Nakaa, nainuka, nafagia palipokwisha kufagiwa.

Umeuliza kama niwaache wenzake babu yako wa chama cha treni ndogo za mfano waiham­­­­­­ishe reli yao kutoka sebuleni. Nimekumbuka mwaka niliokuja hapa nikiwa mke mpya. Babu yako aliogopa kutu, akazipaka reli zote mafuta ya pamba kama apakavyo jembe. Wenzake walipofika Jumamosi, magurudumu yalizunguka tu, treni haikusogea.

“Shemeji, mumeo amekaanga treni!” wakacheka.

Kwa aibu alitaka kuing'oa yote. Wao wakaniomba matambara, wakapiga magoti kando yake, wakafuta hadi treni ikaondoka. Siku ile niliona kwamba reli haikuwa yake peke yake.

Basi nimewaambia waichukue Jumamosi hii. Naogopa ukubwa wa sebule itakayobaki, ndiyo maana nimewapa sharti moja: na mimi waniandike mwanachama.

Ni mimi bibi yako, Bariadi.