Pipi Nyekundu, Pipi Nyeupe

Mutsamudu, Jumanne. Siku ya ishirini na sita ya ndoa yangu.

Alfajiri mvua ilinyesha kwa hasira, kisha jua likatoka kama halijui lolote. Sasa ni alasiri. Upepo unashuka kutoka mlimani Patsy na harufu ya maua ya langilangi, nami nimekaa barazani nyumbani kwa mke wangu na furaha ambayo nisipoiandika itanipasua.

Nabaki. Leo nimejua kwamba nabaki!

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoipata utotoni Unguja, baba yangu alipokuwa akifanya biashara huko. Humu ndani hakuna anayeisoma. Kwa hiyo naweza kusema bila aibu kwamba nampenda Zaliha kupita kiasi, na kwamba asubuhi nilipomwona anafunga leso yake mbele ya kioo nilisahau kuvaa kiatu cha pili.

Nyumba hii ni yake. Baba yake alianza kumjengea alipokuwa bado anatambaa, kama wanavyojengewa mabinti wote wa visiwa vyetu, na mume ndiye anayehamia. Mimi ni Mngazija, mtu wa Moroni, kisiwa kingine, nimekuja na sanduku moja na vitabu. Watoto darasani bado wanacheka ninavyosema.

Lakini uhamisho wangu wa kuja kufundisha hapa ulikuwa wa majaribio tu. Inspekta Mfaransa angekuja kutoka Moroni kuniona nikifundisha. Akiridhika, nabaki. Asiporidhika, narudi Moroni, kwenye chumba changu cha zamani chenye dirisha lisilofunga. Na Zaliha asingeweza kunifuata. Mwanamke wa hapa haachi nyumba yake na mama yake kwa ajili ya mshahara wa mwalimu. Ningekuwa mume wa likizo, wa kuja na ndege ndogo mara mbili kwa mwaka, na kila nikija ningepokewa kama mgeni.

Wiki nzima sikulala vizuri. Sikumwambia Zaliha habari ya inspekta. Nilidhani hajui.

Nilichagua somo la sayansi, kwa sababu ndilo ninalolipenda: jinsi ya kuuliza swali, kukisia jibu, kujaribu, kutazama, na kuandika ulichokiona. Swali langu lilikuwa jepesi. Pipi huyeyuka upesi zaidi katika maji ya moto au ya baridi? Pipi tulikuwa nazo, maana mama yangu alituletea bati zima kwa ajili ya arusi, na nusu yake ilikuwa bado imebaki.

Jana Zaliha alikaa mkekani akanichagulia. "Nyekundu uitie kwenye maji ya moto," alisema, "na nyeupe kwenye baridi. Hapo hata mtoto wa benchi la mwisho ataona." Hina ilikuwa bado haijafifia mikononi mwake. Vidole vile vilipita juu ya pipi kimoja kimoja, nami nikatikisa kichwa kukubali. Angenichagulia vipande vya mkaa ningekubali.

Nimekiri.

Leo asubuhi inspekta aliketi nyuma ya darasa, daftari gotini, chini ya ramani ya Ufaransa. Niliweka glasi mbili mezani. Nikamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ya mama mkwe, na ya baridi kutoka mtungini. Kisha, kwa kutaka kujionyesha, nikawaambia watoto: "Mtaona, ya maji ya moto itatangulia." Nikatumbukiza pipi zote mbili pamoja.

Nyeupe ilianza kumomonyoka papo hapo. Kabla sijamaliza kueleza maana ya kutazama, haikuwapo tena, imebaki wingu tu ndani ya maji ya baridi. Nyekundu ilikaa chini ya glasi ya moto kama mgeni wa heshima aliyeshiba, haina habari na mtu.

Nikawaambia waandike walichokiona, wanyanyue vibao.

Wakanyanyua. Kibao cha kwanza: "Pipi ya maji ya moto imeyeyuka kwanza." Cha pili hivyo hivyo. Benchi zima hivyo hivyo! Na ile nyekundu bado ipo, inaonekana, ingeweza kuhesabiwa na kipofu.

Nilielewa mara moja, kwa sababu nami nililelewa hivyo. Huku mwalimu huitwa fundi, awe wa Kurani au wa shule ya serikali, na mtoto hukaririshwa nyuma ya fundi tangu ana miaka minne. Fundi akisema, umeona. Macho yako ni nani hata yabishane naye? Watoto wangu hawakudanganya. Walinistahi.

Kilibaki kibao kimoja, benchi la tatu, cha msichana mdogo anayeitwa Moinaesha. Alikishika kimeelekea kifuani. Nikamwomba akigeuze. Kiliandikwa: "Ya maji ya baridi imeyeyuka kwanza. Samahani, fundi."

Inspekta alikuwa amekwishasimama nyuma yake. Akakisoma, akaniangalia. "Na wewe, bwana mwalimu? Wewe umeona nini?"

Shajara yangu, nataka niseme kwamba nilijibu papo hapo. Lakini kwanza nilipiga hesabu. Niliwaza kile chumba cha Moroni. Niliwaza Zaliha akinisindikiza uwanja wa ndege. Niliwaza pia kwamba nikisema nimeona alichoona mtoto, nimekubali mbele ya bosi kwamba somo langu limeharibika.

"Nimeona alichoona Moinaesha," nikasema. "Mimi nilikosea."

Mtoto mmoja mbele alinong'ona, "Astaghfirullah!" kana kwamba nimetukana.

"Kwa nini basi?" akauliza inspekta, lakini hakuniuliza mimi. Moinaesha akasimama, ameinamisha macho. "Hizo pipi si za namna moja, fundi. Nyeupe ni laini. Hata mdomoni haikai."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nilikula arusini kwako. Nyeupe nne na nyekundu moja."

Darasa likapasuka. Hata mimi. Na ndani ya kile kicheko nikaona ujinga wangu wote: nilibadilisha maji na nilibadilisha pipi kwa pamoja, halafu nikataka glasi ziniambie ni maji tu. Nikalisema hivyo hivyo kwa watoto. Nikachukua nyekundu mbili, zinazofanana kama mapacha, nikamwaga maji yaliyopoa nikatia mengine ya moto, nikaanza upya. Safari hii sikukisia kwa sauti. Nilifunga mdomo.

Ya maji ya moto ikatangulia. Na mara hii vibao viligombana! Mmoja aliandika "kwanza kidogo", mwingine "kwanza sana", mwingine akadai amehesabu mpaka mia mbili na jirani yake akamwambia hajui kuhesabu. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Inspekta alinisubiri mlangoni. "Rangi zile za mwanzo, ni wazo la nani?"

"La mke wangu, bwana."

"Umeoa hapa?"

"Siku ishirini na sita."

Akatazama bendera ya Ufaransa uani, akafunga kalamu. "Nitaandika kwamba ubaki. Ila vifaa vya somo, chagua mwenyewe." Kisha akaomba pipi moja nyeupe, akaitia mdomoni, akaenda zake.

Sikutembea kurudi nyumbani. Nilikimbia, mimi mtu mzima mwenye kanzu! Zaliha alikuwa amesimama mlangoni tangu adhuhuri. Kumbe alijua kila kitu. Wiki nzima naye alikuwa halali, kila mmoja akijifanya kulala kwa ajili ya mwenzake. Nilipomaliza kumsimulia alilia, kisha akashika kiuno.

"Kwa hiyo kosa ni langu, we Mngazija?"

"La. Mimi nilikuwa natazama mikono badala ya pipi."

Alicheka mpaka mama yake akaita kutoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Na hapo, kwa kuwa ni siku ya kusema nilichokiona, nikamnong'oneza jambo jingine. Kila asubuhi mama mkwe huniletea chai yenye karafuu nyingi. Siku ya kwanza nilisema sijapata kunywa chai nzuri kama ile. Tangu hapo anaongeza karafuu. Kwangu ile ni ladha ya jino bovu, maana ndiyo dawa niliyotiwa utotoni. Nimekunywa vikombe ishirini na sita, nikisifu kila kimoja.

Nilidhani atachukia. Akanifuta jasho kwa ncha ya leso. "Mwambie kesho. Ila usivuruge vyote, fundi. Sukari aiache, maziwa ayaache. Badilisha kitu kimoja tu."

Sasa nasikia mama mkwe anatwanga kitu jikoni, na harufu yake naijua. Leo nimemwambia Mfaransa mbele ya watoto thelathini kwamba nimekosea, na sikufa. Nitaishi nyumba hii, inshallah, mpaka nizeeke, na kila asubuhi yake ina kikombe.

Je, nitaweza kumwambia mama huyu?