Nikaha Kwanza, Viza Baadaye

Jumapili, baada ya alasiri. Likoni.

Mvua ilikatika adhuhuri na sasa jua limetoka kana kwamba halina habari. Mtaa wetu wa Shika Adabu wote umeanika nguo. Nimekaa chumbani, mikono imejaa hina, na tangu asubuhi najikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Jana niliolewa.

Wanaonisoma hapa wanajua harusi yetu tuliipanga iwe kakangu Omari akirudi. Omari ni mpishi kwenye meli ya mizigo, na tangu baba afariki yeye ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Bado miezi minne arudi. Mama alikuwa ameshachagua kitambaa cha mapazia.

Lakini mwezi uliopita nilipata barua ya kazi. Mimi ni muuguzi, na hospitali moja ya ng'ambo inanitaka. Nchi yenyewe siitaji. Mama anaamini jambo likitajwa kabla halijaiva hupata kijicho, na mimi niliyesomea sayansi sijathubutu kumjaribu.

Barua hiyo ina muda wake. Maombi ya viza yasipoingia kabla ya mwezi huu kwisha, nafasi anapewa mwingine. Mimi na mchumba wangu Athumani tukaenda kwa bibi mmoja mjini anayeshauri watu mambo ya viza. Akatueleza taratibu: ukishafanya kazi huko miaka mitano, unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Mume aliyeandikwa kwenye maombi ya mwanzo na akaingia pamoja na mkewe, hesabu yao ni moja. Akifuata baadaye, yake inaanza siku atakayotua. Na mchumba je? Mchumba haandikwi. Kwao ni mtu baki.

Athumani, mtu baki! Athumani aliyembeba marehemu baba mgongoni enzi za ugonjwa wake, akamshusha ngazi za hospitali siku lifti ilipoharibika.

Nilirudi nyumbani nimeshapanga kila kitu kichwani. Nikaha mwezi huu huu, maombi yaingie, tusafiri siku moja, miaka ianze pamoja. Nikamweleza mama nikiwa hata sijavua buibui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Mwanaisha, waolewa na Athumani au waolewa na karatasi?"

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichosema. Ila hapa nitakiri: nilikasirika kwa sababu swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe kwenye feri, tukivuka. Mtu akianza kupanga ndoa kwa kalenda ya ubalozi, atajuaje mapenzi yameishia wapi na hesabu imeanzia wapi?

Siku tatu mama hakunisemesha ila kwa salamu.

Alhamisi jioni Athumani akaja. Ni fundi wa breki za malori kule Miritini, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikataa kiti asije akakipaka grisi, akakaa chini mkekani. Akamwamkia mama, kisha akasema maneno ambayo mimi na yeye hatukuwa tumeyapanga hata kidogo.

"Mama, mwache Mwanaisha aende wakati wake. Harusi ingoje Omari, kama mlivyotaka. Mimi nitafuata. Miaka yangu ikianza nyuma ya yake, na ianze."

Nilitaka kumrushia mto. Sisi tumekesha na hesabu hizo, naye anazimwaga kama maji ya kuoshea vyombo!

Mama akamgeukia. "Wasema utangoja. Miaka mingapi?"

"Itakayokuja, mama."

Mama akainuka, akaenda jikoni. Tulisikia sufuria zikigongana. Akarudi na sahani ya wali na samaki wa kupaka, akaiweka mbele yake.

"Kula. Jumamosi waja na wazee wako."

"Na Omari?" nikauliza.

"Omari ana simu."

Basi hivyo tu. Siku tatu za kuungojea uso wa mama zikaisha kwa maneno matatu. Nilikimbilia chumbani nikalia kwenye kanga mpaka ikalowa.

Jana sebule ilijaa wanaume ishirini na harufu ya udi. Sisi wanawake tulikuwa chumbani, tumebanana kitandani, mlango wazi kidogo ili tusikie. Sheikh wa mtaa wetu alitaka Omari amuwakilishe Ami Bakari, ndugu yake baba, yaani ampe uwakala, ili yeye ndiye aniozeshe. Simu ikapigwa, ikawekwa katikati ya zulia. Sura ya Omari ikatokea, amevaa kofia ya jikoni.

"Ami," akasema, "nimekuwakilisha umuozeshe dada yangu—"

Picha ikaganda, mdomo wazi.

Shangazi yangu tayari alikuwa amevuta pumzi ya kigelegele.

"Bado," sheikh akasema kwa utulivu. "Ametaja dada. Hajataja nani na kwa nani."

Dada ni mmoja tu, lakini sheria ni sheria. Tukangoja. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya mtihani wa leseni ya uuguzi. Omari ana zamu jikoni, sheikh ana jambo jingine magharibi, na bila Omari hakuna nikaha, bila nikaha hakuna cheti, na mwezi unaisha. Dakika tano. Kumi. Halafu simu ikalia na sauti ya Omari ikaja peke yake, bila picha:

"Mumeshamuozesha?"

"Twakungoja wewe!" wanaume wote ishirini wakapaza sauti.

Safari hii alisema yote kwa mkupuo, jina langu, jina la baba na babu, na la Athumani vilevile, kama mtu anayekimbizwa. Kigelegele cha shangazi kilinitoboa sikio.

Ami akaja mlangoni kuniuliza kama nimeridhia, na mahari ni nini. Nilikuwa nimechagua mwenyewe: koti zito la baridi. Sheikh aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Athumani alilitafuta sokoni Kongowea kwenye mitumba nusu siku nzima, akapata la rangi ya zambarau, linanifika magotini. Nilisema nimeridhia, Ami akaniozesha, Athumani akakubali. Wakanivalisha juu ya gauni langu, kwenye joto lile, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Jambo jingine la kukiri. Cheti kilipoletwa nikitie saini, kila mtu alidhani nimeinama kwa haya. Nilikuwa nahakikisha herufi za majina yetu zinalingana na za pasipoti. Athumani amewekewa "h" moja. Sawa. Nikatia saini.

Nilidhani ningeona aibu kufikiria pasipoti saa ile. Sikuona. Mtu niliyekuwa namhakikishia herufi zake ni yule aliyesema atangoja. Hesabu na mapenzi vilikuwa kwenye karatasi moja, wala havikugombana. Karamu kubwa tutaifanya Omari akirudi, na hospitali imekubali nianze kazi baada ya hapo.

Leo tumejaza fomu mezani, mimi nikisoma, Athumani akiandika, maana mwandiko wake ni mzuri ajabu kwa mtu wa breki. Palipoulizwa hali ya ndoa aliinua kalamu, akanitazama, akaandika pole pole. Saa mbili kesho asubuhi tunakwenda kutoa alama za vidole.

Sasa hivi ameniita kutoka sebuleni. Ameniita mara elfu katika maisha haya, na siku zote nilimjibu "Nini?" Leo mdomo umejibu wenyewe:

"Abee!"

Namsikia mama jikoni akicheka kimya kimya, na Athumani, maskini, amesahau alichokuwa akiniitia.