Siku Niliyoandika Mawingu

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba. Huku Nyamwaga tu wazima, ila goti langu linanisumbua. Mama yako ameshavuna mahindi.

Wewe unayepima jua huko mlimani ugenini umeniuliza kama kipimo kinaweza kudanganya.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa kituo cha hali ya hewa, juu ya kilima. Tulikuwa na mpira wa kioo. Jua likiwaka, lilichoma mstari kwenye kadi iliyo nyuma yake. Likifichwa, kadi ilibaki safi.

Siku moja ya kiangazi watu wa serikali walikuja kuhamisha watu wa bondeni. Waliokataa walichomewa nyumba, akiwemo mama yangu, Boke, ambaye umerithi jina lake. Moshi ulifunika jua toka saa nne hadi saa tisa.

Jioni nilitoa kadi, mstari umekatika. Daftari la kituo lilitaka sababu. Mkuu wangu akaniambia, "Binti, andika kitu kisichotuletea maneno."

Nikaandika: mawingu.

Kadi haikudanganya, mjukuu wangu. Ukilikuta daftari lile, usiliamini. Mwandiko ni wangu.

Bibi yako